Umelipia laini mbili za 20, mbona kipimo kinasema 20?

Lalamiko hili halituishi, na mara nyingi huja na hasira: "Nimelipia fiba mbili za megabiti 20, nikawalipa na nyinyi mnifungie, napima spidi napata 19. Mmenila." Hatujamla mtu. Kipimo kinasema kweli, na kazi iko sawa.

Ruta yenye laini mbili haizimimini pamoja kama mabomba mawili yanayojaza tangi moja. Inagawa miunganisho. Kila muunganisho hupewa laini moja na kubaki humo mpaka uishe, kwa hiyo faili moja unayopakua hupita upande mmoja tu. Faida utaiona watu wakijaa ofisini: huyu anapakia picha, yule yuko kwenye simu ya video, kamera zinatuma, na hakuna anayemkaba mwenzake.

Ugawaji wenyewe tunaufanya kwa kufuata anwani ya kifaa na ya kule kinakokwenda, si kwa kufuata bandari (namba za milango ya mtandao zinazobadilika kila muunganisho, si Kilindini). Tukifuata bandari kipimo kitapendeza, lakini mhasibu atafukuzwa kwenye tovuti ya benki kila baada ya dakika mbili, maana benki inamwona akibadilisha anwani katikati ya kazi. Hata hivyo kompyuta ya mhasibu huwa tunaifunga kwenye laini moja kabisa, na inahama pale tu laini hiyo inapokufa. Laini zikiwa hazilingani, mathalani 40 na 10, mgao unawekwa nne kwa moja. Ukigawa nusu kwa nusu, ile ndogo inasongwa na kubwa inakaa bure.

Je, laini mbili zinaweza kubeba faili moja? Zinaweza, kwa itifaki ya MPTCP, yaani kanuni inayoruhusu muunganisho mmoja kupita njia kadhaa. Ilichapishwa 2013 kama RFC 6824 (RFC ni waraka wa kanuni za intaneti), ikafanyiwa marekebisho 2020 kuwa RFC 8684, na mwaka huohuo ikaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, toleo la 5.6. Sharti lake ni kwamba ncha zote mbili ziielewe, na tovuti nyingi hazijaiwasha. Kwa hiyo inabidi kukodi seva katikati: ruta yako inapasua data, seva inaiunganisha, ndipo inakwenda kwenye tovuti. Seva ikiwa Ulaya, kila kubofya kwako kunasafiri kwenda na kurudi, na benki inadhani uko huko. Halafu ukichanganya fiba inayochelewa milisekunde 10 na 4G inayochelewa 60, paketi (vipande vya data) zinafika shaghalabaghala na ile ya haraka inamngoja mwenzake. Tumepima laini za namna hiyo zikienda polepole kuliko fiba peke yake. Kwa duka la kawaida hatuishauri, na hatutakuuzia kwa sababu tu umeiomba.

Sasa njia ya mkato. Mtu ananunua swichi ya bei rahisi, anachomeka modemu zote mbili, anaona taa zinawaka, basi. Kila modemu inajiita kwa anwani ileile, 192.168.1.1, na kila moja inagawa anwani. Simu hii inachukua anwani kwa huyu, printa kwa yule, anwani zinagongana, na mashine ya kaunta inapotea mtandaoni saa ya mteja kulipa. Mtu huyo hutuita baada ya wiki mbili, tena akiwa ameshanunua ruta mpya kwa kudhani ile ya zamani ni mbovu. Kinachotakiwa ni ruta yenye milango miwili ya kuingilia, na kila modemu iwe kwenye mtandao wake: moja 192.168.1, nyingine 192.168.2, na duka liwe na wa tatu.

Kosa la pili ni fiba mbili kwenye nguzo moja. Kampuni ni mbili, bili ni mbili, lakini nyaya zimefungwa kwa kamba ileile, na lori lenye mzigo mrefu linazing'oa zote kwa mpigo. Toka nje, ufuate waya wako kwa macho mpaka kona. Zikiandamana, laini ya pili iwe 4G au ya setilaiti. Baharini nako ni vilevile: Mombasa ndiko nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilikotua 2009 na EASSy 2010, na Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika pamoja karibu na Afrika Kusini, wenye fiba mbili nao waliisikia.

Mnauliza kwa nini kufunga tunalipisha kazi ya nusu siku ilhali "ni kuchomeka waya tu". Muda mwingi unaishia kwenye kuifundisha ruta kuhama kutoka laini moja kwenda nyingine. Fiba ikikatika barabarani, taa ya mlango wa modemu bado inawaka, na ruta isiyofundishwa inaamini mambo ni shwari. Tunaiamuru ipige (itume ujumbe mfupi na kungoja jibu) anwani ya intaneti 1.0.0.1 kupitia laini ya kwanza na 8.8.4.4 kupitia ya pili, kila sekunde 10; ikikosa mara tatu inahama, na hairudi mpaka laini itulie dakika mbili. Anwani hizo hazitumiwi na vifaa vya duka kama DNS (kitabu cha kutafutia majina ya tovuti), la sivyo laini ikifa majina ya tovuti nayo yanakufa. Kujaribu, tunaweka swichi ndogo kati ya modemu na ruta, kisha tunachomoa upande wa modemu, ili ruta iendelee kuona taa.

Bei hiyo ina UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 kwa modemu ya fiba, maana stima ikipotea modemu inazima hata kama ruta ina betri. Ina pia waya wa nje usioharibiwa na jua, na mkunjo wa kudondoshea maji kabla haujaingia ukutani. Upande wa Nyali na Bamburi, kiungio kisichozibwa hewa ya chumvi hukigeuza kijani.

Kwenye laini ya akiba ya 4G tunazuia kamera na masasisho ya kompyuta, la sivyo bando litakwisha kabla mafundi wa fiba hawajafika. Ukitaka bei, tutumie picha tatu: mgongo wa kila modemu, kibandiko cha ruta, na nguzo iliyo mbele ya duka.