Kipimo cha jeni kwanza, ndipo majaribio ya dawa za saratani ya utumbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie saratani ya utumbo mpana.

Hapa Dodoma ukitaja mgonjwa kuingia kwenye utafiti wa dawa, ndugu huja juu: "Hatutaki afanywe panya wa maabara." Hofu hiyo naielewa, ila inatugharimu.

Ugonjwa huu ukishafika kwenye ini au mapafu, dawa moja mara nyingi haifui dafu. Wapo wagonjwa, kama 8 hadi 10 kati ya 100, ambao uvimbe wao una hitilafu kwenye jeni ya BRAF. Dawa za kuizuia jeni hiyo zilisaidia sana saratani ya ngozi aina ya melanoma, lakini kwenye utumbo, zikitumika peke yake, zilishindwa: seli iliendelea kukua kupitia njia nyingine, protini iitwayo EGFR. Watafiti wakaunganisha dawa mbili, encorafenib inayozuia BRAF na cetuximab inayozuia EGFR, ili kuziba kote kuwili, na wagonjwa wakaishi muda mrefu zaidi. Marekani ikauidhinisha mseto huo mwaka 2020. Katika utafiti huo, waliowekwa kundi la kulinganisha hawakupewa vidonge vya bandia, walipewa tiba iliyokuwa ikitumika wakati ule. Jambo hili watu wengi hawaambiwi.

Sasa tatizo letu. Baba yangu mkubwa alikatwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, majibu yakarudi na mstari mmoja: saratani ya utumbo mpana. Habari za jeni hakuna. Kile kipande, kikiwa kimegandishwa kwenye nta, tulikabidhiwa ndani ya bahasha ya kaki tukatafute wenyewe pa kukipima. Mgonjwa asiyejulikana jeni ya uvimbe wake utamwingiza kwenye jaribio lipi?

Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapa. Makao makuu ya TMDA, wanaoidhinisha majaribio ya dawa nchini, yako hapa. Bunge lililopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 liko hapa. Naomba kipimo cha jeni za uvimbe kiingizwe kwenye kitita cha bima. Majaribio yakija, fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili kinachoeleweka, mgonjwa aende nayo nyumbani aisome na wanawe kabla ya kutia saini, na iandikwe wazi nani atagharamia matibabu dawa ikimdhuru.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma