Ritifaa iliyokula tarehe ya harusi

Mhariri,

Kwa miaka sita nimelisoma gazeti lako kimya kimya, lakini ripoti yako iliyowasifu vijana wanaopanga kadi na vitabu kwa lugha za kompyuta za kutia maandishi alama, na kudai kwamba sisi wapanga chapa wa zamani tumepitwa na wakati, imenichokoza. Nilipanga chapa za madini ya risasi hapa Mji wa Kale, ambapo kila herufi ilikuwa kipande kimoja mkononi, na hakuna aliyechanganya kipande kimoja na neno zima.

Kadi ya harusi ya mpwa wangu ilipangwa kwa XML, mojawapo ya lugha hizo, na kijana wa aina hiyo. Palipopaswa kusomeka "ng'ambo ya Likoni" palitokea "ng'ambo", kwa sababu ritifaa, yaani alama ya ('), ilikuwa imegeuzwa msimbo wa kompyuta mara mbili. Kijana akatumia amri iitwayo translate, akaipa msimbo huo wa herufi tano na kuiagiza iweke ritifaa mahali pake. Amri hiyo haijui mfuatano; hushika herufi mojamoja, kwa hiyo alama ya & iligeuka ritifaa, na zile nne zilizobaki, kwa kukosa mwenzi, zikafutwa popote zilipokuwa. "Ng'ambo" ikatoka safi, naye akafurahi. Lakini kila 3 na kila 9 ilitoweka katika kadi nzima: "tarehe 23, saa 9 alasiri" ikawa "tarehe 2, saa alasiri", na "Bwana & Bibi" wakatenganishwa na ritifaa kabla hata ya kuoana. Wageni kutoka Malindi walibisha hodi asubuhi ya tarehe 2, na masanduku yao, tukiwa bado hatujanunua hata mchele. Nilipomuuliza kijana, alijibu kwamba replace, inayobadilisha mfuatano mzima, imo katika toleo la 2.0, la mwaka 2007, la XPath, lugha ya amri za kushughulikia maandishi ya XML, ilhali programu yake hutumia toleo la 1999. Basi angefungua macho akaisoma kadi!

Wala gazeti lako halina usafi wa kunyoosha kidole: Jumanne mliacha "ng" mwishoni mwa mstari na kuanza unaofuata kwa "'ombe", sauti moja mkaipasua kama muhogo.

Napendekeza kila fundi, kabla ya kuchapa chochote, apitishe kwanza sentensi hii: "Ng'ombe 39 & ndama 9; mbuzi 3." Mnyama yeyote akipotea, alipe yeye.

Mpanga chapa mstaafu,
Mombasa