Jina la mhariri na mwaka tu havitoshi

Mhariri, naomba nafasi. Mwanafunzi wa chuo anachukua makala ya jarida la Transition, lile lililoanzishwa Kampala 1961 na Rajat Neogy, halafu kwenye marejeo anaandika Neogy, 1961, basi. Sasa Neogy alikuwa mhariri, makala kaandika mtu mwingine kabisa na pengine toleo lenyewe ni la miaka ya baadaye, msomaji ataipataje hiyo makala jamani? Kwa mtindo wa APA, yaani utaratibu wa kuandika marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, anza na mwandishi wa makala, tarehe ya toleo, kichwa cha makala kwa herufi za kawaida, jina la jarida kwa italiki, namba ya toleo na kurasa. Walimu, msipitishe tasnifu bila kukagua hili, tunawanyima waandishi wetu haki yao.

Msomaji, Dar es Salaam