Mbuzi hana meno ya mbele juu

Mhariri,

Nauza nyama ya mbuzi hapa Tabora mjini, huu ni mwaka wa 22, na gazetini sijawahi kuandika. Kilichonichokoza ni daftari la mjukuu wangu wa darasa la nne. Swali liliuliza kazi ya meno ya mbele ya juu ya mbuzi. Mtoto kajibu: "Hana." Mwalimu kamwekea kosa kwa kalamu nyekundu, pembeni kaandika "kukatia majani". Na mchoro walionakili ubaoni una mbuzi mwenye meno juu na chini, utadhani anapigwa picha ya harusi.

Jamani, fungueni mdomo wa mbuzi! Ukimpandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba unakuta ufizi mtupu, mgumu kama soli ya kandambili. Chini ndiko yaliko manane, yamelala kwa mbele kidogo. Jani analivuta kwa midomo, analibana kati ya yale manane na ule ufizi, kisha anatikisa kichwa, linakatika. Nyuma ya hapo kuna pengo, halafu magego, sita kila upande, juu na chini. Jumla 32, sawa na mtu mzima, ila kagawiwa vingine. Magego hayo yana matuta makali. Mimi huyapitishia kidole kichwa kikishachemka, maana kwa mbuzi hai utakipoteza. Ndiyo sababu akicheua taya linakwenda pembeni, kama mtu anayesaga kwa jiwe.

Sisi wa mnadani yale manane ndiyo cheti cha kuzaliwa. Akipita mwaka, mawili ya katikati ya utotoni yanang'oka, yanaota mapana. Kisha jozi moja karibu kila mwaka, hadi kwenye miaka minne mdomo umejaa. Baada ya hapo yanalika na kuachana. Mwaka jana niliuziwa "beberu kijana" jioni, giza limeshaingia, sikumfungua mdomo. Supu yake ilichemka tangu alfajiri hadi adhuhuri na bado wateja walilalamika.

Mbwa anayelala chini ya meza yangu ni habari nyingine. Mtupie mfupa wenye nyama umtazame: anageuza kichwa upande, anaupeleka nyuma ya mdomo. Huko magego yake makubwa yana makali yanayopishana, ya juu kwa nje na ya chini kwa ndani, yanakata. Chonge za mbele ni za kushikia tu. Taya lake haliwezi kusaga kwa pembeni kama la mbuzi, kwa hiyo anakata na kumeza bila kutafuna sana.

Mtu ana kidogo cha kila kitu: ya mbele kung'atia hindi la kuchoma, chonge fupi, magego ya vinundu kwa nyama na kwa karanga. Nasema hivyo na mimi magego ya kushoto sina tena, ubishi wote naupeleka kulia.

Kichwa kimoja nimekichemsha, nimekikwangua, kiko juu ya bati kinakauka. Jumatatu mjukuu atakwenda nacho shuleni ndani ya mfuko wa unga. Namwomba mwalimu akipokee kwa roho safi, na ile alama moja amrudishie mtoto.

Muuza nyama,
Tabora.