Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kompyuta tulizipanga, njia tukaisahau

Ndugu wanachama, mama na baba mliofika hapa Lubumbashi, nanyi mtakaoisoma taarifa hii mkiwa Likasi na Kolwezi,

Habari za michango mtazisikia kwa mtunza hazina. Mimi nataka kurudi kwenye ule usiku wa Aprili uliotugombanisha.

Mwenzetu alikuwa na picha za setilaiti, gigabaiti 40, za kutoa Katuba na kuzifikisha kwenye kompyuta zetu za Kampemba. Kompyuta alizishika kwa siku nzima ya kesho yake, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu yake ilikuwa safi: laini yetu ya mtandao ni ya megabiti 10 kwa sekunde, masaa tisa yanatosha. Akaanza kutuma saa tatu usiku. Kumbe usiku uleule mwingine anapitisha nakala zake za akiba palepale. Kulipokucha, nusu tu ilikuwa imefika. Kompyuta zikakaa bure, jenereta ikinywa mafuta ya chama, na zamu ikaisha kazi ikiwa katikati.

Mimi sikumlaumu yeyote kati yao. Daftari letu lilikuwa la kompyuta tu. Laini haikuandikwa popote.

Waliotutangulia walikwisha kukutana na shida hii. Itifaki ya RSVP ya mwaka 1997, yaani kanuni za vifaa vya mtandao kuombana nafasi, huziomba ruta za njiani, vile vifaa vinavyopitisha data, zitenge nafasi, ila ni kwa sasa hivi, si kwa kesho kutwa. Mwaka 1999 Ian Foster, Carl Kesselman na wenzao wakaeleza mfumo wa GARA, ambamo mtandao, kompyuta na diski huombwa kwa namna moja, tena mapema. Sisi tumechukua wazo. Programu yetu bado ni daftari na simu.

Tangu Juni mratibu anauliza pande zote kwanza, za kompyuta na za laini, anaandika kwa penseli, na wino unakuja wote wakikubali. Mmoja akikataa, vyote vinafutwa. RSVP imetupa pia jambo ninalolipenda: nafasi isiyothibitishwa tena hufa yenyewe. Ruta huambiana upya kila sekunde 30 hivi. Sisi tunadai simu moja masaa mawili kabla ya zamu. Usipopiga, anapewa mwingine. Wawili wamenikasirikia kwa hilo, mmoja ni shemeji yangu.

Kilichobaki kigumu ni zile megabiti 3, kati ya 10 za laini, tulizokataza kushikwa, ili wengine wapate hata kusoma barua zao. Kwa megabiti 7, picha zilezile za Aprili zinataka karibu masaa 13. Wenye kazi nzito wanasema tunawanyima; wengine wanasema 3 ni kidogo. Mimi naona zibaki, lakini kura ni yenu, na tutaipiga mtunza hazina akimaliza.