Kupaa kwa Kristo si siku ya kuagana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, ambayo kila mwaka hupita kimyakimya kati ya shangwe za Pasaka na Pentekoste. Ikitajwa mimbarani, mara nyingi hutajwa kama siku ya kuagana: Yesu amemaliza kazi, amerudi kwao, ametuachia Roho Mtakatifu, nasi tumebaki tukimngoja. Mafundisho hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanalikosa jambo lenyewe, na muumini anayelelewa kwayo hunyimwa faraja ambayo hata hajui kuwa ni haki yake.

Luka anatuzuia kuifanya siku hiyo ya huzuni. Anaandika kwamba baada ya Bwana kuchukuliwa juu, wanafunzi "wakamwabudu; kisha wakarudi Yerusalemu wenye furaha kuu" (Luka 24:52). Walioachwa hawarudi mjini hivyo. Hao ndio waliojifungia milango kwa hofu jioni ya siku ya ufufuko, na bado walikuwa hawajapokea nguvu za Pentekoste. Furaha ile ilitoka katika kuelewa Bwana wao amekwenda wapi na amekwenda kufanya nini.

Amekwenda wapi? Hapa ndipo wasikilizaji wengi wanapokwama, hasa vijana waliosoma jiografia na habari za anga. Wakisikia kwamba alipanda juu mpaka wingu likampokea, wanawaza umbali: kilomita ngapi, kupita sayari zipi? Mhubiri asiyelijibu swali hilo huwaacha waamini kwamba imani yao inategemea ramani ya kale ya ulimwengu. Jibu limo katika Maandiko yenyewe. Wingu la Matendo 1:9 halihusu hali ya hewa. Ni lile lililoifunika hema ya kukutania hata Musa asiweze kuingia (Kutoka 40:34-35), lililoijaza nyumba ya Bwana siku za Sulemani hata makuhani wasiweze kusimama kuhudumu (1 Wafalme 8:10-11), na lililowatia uvuli Petro, Yohana na Yakobo mlimani Yesu alipogeuka sura (Luka 9:34). Popote linapotokea, maana yake ni kwamba Mungu yupo hapo. Basi wanafunzi hawakumwona mtu akipungua ukubwa angani hadi akawa nukta. Walimwona akiingia katika utukufu wa Mungu, mahali ambapo jicho la mwanadamu haliwezi kufuata.

Kuna andiko jingine ambalo kila mhubiri wa sikukuu hii angepaswa kulifungua, nalo ni Danieli 7:13-14. Tumezoea kulisoma kama habari ya Kristo kuja duniani na mawingu. Tulisome tena polepole. Yule aliye mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu kumwelekea Mzee wa Siku, yaani Mungu; analetwa karibu naye, kisha anapewa mamlaka na utukufu na ufalme, ili watu wa kabila zote, na taifa zote, na lugha zote, wamtumikie. Safari inakwenda kwenye kiti cha enzi. Matendo 1 inatuonyesha tukio hilo likitazamwa kutoka upande wa dunia, Danieli analionyesha likitazamwa kutoka upande wa mbinguni. Ndiyo maana Petro, siku kumi tu baadaye, hakuhubiri kuhusu Bwana aliyeondoka. Alinukuu Zaburi 110:1, "Uketi mkono wangu wa kuume", akatangaza kwamba Mungu amemfanya Yesu kuwa Bwana na Kristo, na kwamba yeye ndiye aliyemwaga kile walichokuwa wakikiona na kukisikia (Matendo 2:33-36).

Kwa hiyo kuketi mkono wa kuume ni kutawala. Paulo anaeleza kwa upana: amewekwa juu sana kuliko ufalme wote, na mamlaka, na nguvu, na usultani, na kila jina litajwalo (Waefeso 1:20-21). Mkristo anayeishi kwa hofu ya majini, laana na nguvu za giza, akizunguka kutafuta mtu wa kumkinga, anahitaji mahubiri haya ya Kupaa kuliko anavyohitaji mafuta ya kupakwa. Nguvu hizo zina aliye juu yake, na kiti chake si kitupu.

Nakuja sasa kwenye sehemu ambayo naona imepuuzwa kuliko zote, yaani ukuhani. Waraka kwa Waebrania hauelezeki bila Kupaa, na Kupaa hakueleweki vizuri bila Walawi 16. Tufuate hatua za Siku ya Upatanisho, iliyokuja mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba. Kuhani mkuu alioga, akavaa kitani. Alimchinja ng'ombe kwa ajili yake na nyumba yake. Alichukua chetezo kilichojaa makaa ya moto na konzi mbili za uvumba, akaingia ndani ya pazia ili wingu la uvumba lifunike kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, asije akafa. Kisha aliingiza damu, akanyunyiza juu ya kiti cha rehema na mbele yake mara saba. Akatoka, akamchinja mbuzi wa watu, akaingia tena na damu yake. Muda wote huo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuwamo hemani. Watu walingoja nje.

Mnyama alichinjwa nje, lakini damu yake ilipelekwa ndani, na ibada nzima ilikuwa imeelekea huko ndani. Mwandishi wa Waebrania anaichukua ramani hiyo akaiweka juu ya kazi ya Kristo: msalaba ni pale sadaka ilipotolewa, Kupaa ni pale Kuhani alipoingia. Hakuingia katika patakatifu palipofanyika kwa mikono, bali mbinguni hasa, "aonekane sasa usoni pa Mungu kwa ajili yetu" (9:24). Hapa pana hatari ya kuteleza. Baadhi ya watu husikia hayo wakadhani msalaba ulipungukiwa na kitu, au kwamba Kristo anajitoa upya kila siku ili ateseke tena. Waebrania 9:12 inasema aliingia mara moja tu, akiwa amekwisha kupata ukombozi wa milele. Wengine huwaza Mwana akimbembeleza Baba mwenye hasira. Hilo nalo si fundisho la waraka huu: Baba ndiye aliyemwambia Mwana aketi. Uwepo wake pale, akiwa na alama za misumari, ndio maombezi yenyewe, tena "yu hai sikuzote ili awaombee" (7:25).

Na kwa nini ameketi? Hesabu vyombo vya hema ya kukutania katika kitabu cha Kutoka: madhabahu ya sadaka ya kuteketezwa, birika la shaba, meza ya mikate ya wonyesho, kinara cha taa, madhabahu ya kufukizia uvumba, sanduku la agano na kiti cha rehema juu yake. Kiti cha rehema kilikuwa mahali pa Mungu. Cha kuhani hakikuwapo. Kuhani alisimama kila siku kwa sababu kazi yake haikuisha. Kristo, baada ya dhabihu moja idumuyo hata milele, aliketi (10:11-12). Mtu anayelala usiku akijihesabia dhambi alizokwisha kuziungama, akijiuliza kama zimefutwa kweli, angesaidiwa sana kuambiwa kwamba Kuhani wake ameketi.

Siku ya Upatanisho watu pia walingoja kuhani atoke. Waebrania 9:28 inaelekea huko: atatokea mara ya pili kwa hao wamtazamiao kwa wokovu. Hivyo kurudi kwa Bwana si habari nyingine iliyobandikwa mwishoni mwa imani. Ni Kuhani yuleyule akitoka alikoingia. Wale watu wawili wenye nguo nyeupe waliosimama karibu na mitume alipopaa (Matendo 1:10-11) walisema atakuja jinsi ileile walivyomwona akienda zake.

Lipo kosa jingine, nalo ni la kimya. Waumini wengi hudhani kwamba Mwana wa Mungu alipoondoka aliuvua ubinadamu, akabaki Mungu mtupu kama alivyokuwa kabla ya kuzaliwa. Imani ya Kanisa inakataa. Aliyepaa ndiye yule aliyesema "nishikeni-shikeni" na kula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao (Luka 24:39-43). Paulo, miaka mingi baadaye, bado anasema mpatanishi ni "mwanadamu Kristo Yesu" (1 Timotheo 2:5). Mtaguso wa Kalsedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikiri Kristo mmoja katika asili mbili zisizochanganyika wala kutenganishwa, na Kupaa hakukuzitenganisha. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho cha Waprotestanti wa upande wa Kalvini, inaliita jambo hili amana: mwili wetu uko mbinguni ndani yake, uhakika kwamba kichwa kitawavuta viungo vyake. Ndiyo tofauti kubwa na Henoko na Eliya. Wale walichukuliwa, hawakuketishwa kwenye kiti cha enzi, wala hakuna aliyeambiwa kwamba uhai wake umefichwa pamoja nao.

Wanamatengenezo, yaani viongozi wa Uprotestanti wa karne ya 16, walibishana vikali kuhusu jambo moja hapa. Walutheri walisema mkono wa kuume wa Mungu uko kila mahali, hivyo Kristo aweza kuwapo kwa mwili wake popote alipoahidi. Wakalvini walishikilia kwamba mwili wa kweli una mahali, na kwamba Roho ndiye anayetuunganisha naye. Sitaumaliza ubishi huo katika barua. Lakini pande zote mbili, pamoja na Wakatoliki na Waorthodoksi, zinakubali kwamba Kupaa hakukumpunguza Kristo kwetu. Kabla yake Martha aliweza kusema, "Kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Leo hakuna anayehitaji kumngoja atoke kijiji cha pili. Papa Leo Mkuu, wa karne ya 5, alifundisha kwamba kilichoonekana katika Mkombozi wetu kimehamia katika sakramenti.

Kwa walimu wa dini na wanaoandaa mahubiri, yapo ya kuangalia. Ni Luka peke yake anayesimulia tukio kwa kirefu, mwishoni mwa Injili yake na mwanzoni mwa Matendo. Mathayo hana simulizi ya kupaa; anamaliza na "mimi nipo pamoja nanyi siku zote". Yohana analidokeza tu (6:62, 20:17). Marko 16:19 imo katika sehemu isiyopatikana katika nakala mbili za kale zinazoheshimiwa sana, ya Sinai na ya Vatikano, hivyo si busara kujenga hoja yote juu yake peke yake. Luka 24 ikisomwa haraka yaonekana kama yote yalitokea siku ya Pasaka. Mwandishi yuleyule anaeleza katika Matendo 1:3 kwamba zilikuwa siku 40. Ni ufupisho, wala haupingani na maelezo hayo. Katika mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Kikatoliki, Injili ya sikukuu ni Mathayo 28:16-20, isiyotaja kuondoka hata kidogo, na mhubiri asiyetumia somo la kwanza (Matendo 1:1-11) hujikuta akihubiri umisionari tu. Na picha za watoto zenye nyayo mbili zinazoning'inia chini ya wingu ziwekwe kando, kwa maana zinafundisha lile swali la kilomita. Afadhali mchoro wa Kristo ameinua mikono akibariki, kwa kuwa Luka anasema alijitenga nao katika kuwabariki, kama Haruni alivyowainulia watu mikono (Walawi 9:22).

Hesabu ya tarehe nayo hukosewa. Jumapili ya Pasaka ndiyo siku ya 1. Anayeanza na Jumatatu huangukia Ijumaa. Siku ya 40 ni Alhamisi daima, na siku ya 50 ni Jumapili ya Pentekoste. Kwa kalenda ya Magharibi sikukuu haiwezi kutangulia Aprili 30 wala kupita Juni 3. Mwaka 2026, kwa mfano, Pasaka ni Aprili 5, Kupaa ni Mei 14 na Pentekoste ni Mei 24. Waorthodoksi, ambao Pasaka yao mwaka huo ni Aprili 12, huadhimisha Mei 21. Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu mabaraza ya maaskofu, kwa idhini ya Roma, kuihamishia Jumapili inayofuata. Uamuzi huo una sababu ya kichungaji, kwani Alhamisi watu wako kazini, lakini una gharama: siku 10 za kungoja zinabaki 7, na masomo ya Jumapili ya Saba ya Pasaka, pamoja na sala ya Yesu ya Yohana 17, hayasomwi.

Siku hizo 10 mitume walizitumia katika chumba cha juu, wakidumu kwa moyo mmoja katika kusali pamoja na wanawake na Mariamu mama wa Yesu, na humo wakamchagua Mathiya ashike nafasi ya Yuda. Novena ya Roho Mtakatifu, yaani sala ya siku tisa, imetoka humo, kuanzia Ijumaa inayofuata Kupaa hadi Jumamosi ya kuamkia Pentekoste. Ningeomba gazeti lako, Mhariri, linapochapisha ratiba ya sikukuu za Kikristo, liiweke Alhamisi hiyo mahali pake hata pale ambapo maadhimisho yamehamishwa, na ukurasa wa dini uchapishe, siku baada ya siku mpaka Pentekoste, Waebrania sura ya 4 mstari wa 14 hadi mwisho wa sura ya 10. Sura hizo zinatosha kwa siku zote tisa, na wasomaji wengi hawajawahi kuzisoma kwa mfululizo.

Wako katika Kristo,
Mwalimu wa katekesi