Jumamosi: Tosca ya 1976
Wapendwa, hamjambo. Jumamosi saa 12 jioni tunaangalia opera ya Puccini, Tosca, ile filamu ya Gianfranco de Bosio. Imepigwa Roma kulekule hadithi inakotokea: kanisa la Sant'Andrea della Valle, Palazzo Farnese, ngome ya Castel Sant'Angelo. Plácido Domingo bado kijana, sauti inamtoka bila jasho, ila mimi macho yangu yako kwa Raina Kabaivanska, anayeigiza Tosca mwenyewe. Mtazameni sehemu ya pili akishamchoma kisu Scarpia, yule mkuu wa polisi: anaweka mishumaa huku na huku ya maiti, kisha msalaba kifuani. Haimbi kitu, okestra tu. Watoto wabaki nyumbani, kuna mateso na damu. Mnaokuja andikeni hapa kabla ya Ijumaa usiku nipange viti.